Mkono wa Mkwe

Ng'washi hakuwa mwanamke wa kutembeatembea. Aliyemtaka alimfuata kwake Usagara, na yeye alitoka kwake kwa mambo mawili tu, msiba na harusi. Kwa hiyo asubuhi ile Selina alipomwona mama yake akishuka njia ya mawe ya Igogo kuelekea ziwani, kikapu kichwani na viatu mkononi, moyo ulimpasuka. Msiba hakuwa ameusikia. Basi ilikuwa harusi, na kwa jinsi mama alivyokuwa akiwapita watu bila kuwasalimia, harusi yenyewe ilikuwa ya Selina.

"Shikamoo, mama. Kwema huko?"

"Marahaba. Kwema." Ng'washi alitua kikapu juu ya jiwe, akavaa viatu vyake taratibu, ndipo akamtazama binti yake. "Chenge anakuja Jumapili na wazee wake. Baba yako mdogo amekwishawaambia waje. Chukua nguo zako twende."

"Leo?"

"Nimekuja kwa miguu yangu, halafu unaniuliza leo?"

"Mama, leo nina wageni. Mzungu na mkewe, wanakwenda kisiwani kuangalia ndege. Chakula chao nimekwishapika."

"Kwani hao ndege hawaonekani mpaka uwepo wewe?"

Tangu biashara ya watalii ifunguliwe Mwanza na kila mwenye boti aanze kutafuta wageni, Selina ndiye aliyekuwa mpishi na kiongozi wa safari kwenye boti la akina Tayabali. Kazi hiyo aliipenda kuliko kitu chochote duniani, ukimwondoa mtu mmoja. Na mtu huyo, kama vile ameitwa, alijitokeza nyuma ya boti akiwa amekunja suruali hadi magotini, kamba begani, akicheka na Luhaga, fundi wa injini. Alipomwona mama mtu mzima amesimama na Selina, kicheko kilimkauka.

"Ndiye huyo?" Ng'washi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nani, mama?"

"Usinifanye mtoto mdogo. Shangazi yako Tereza aliweza lini kuficha neno? Usagara nzima inajua kwamba una Mhindi wako huku."

Danish, mtoto wa Mzee Tayabali, alikuwa amekwishawafikia. Alizaliwa Mwanza, akakulia nyuma ya duka la baba yake akicheza mpira wa matambara na watoto wa jirani, na Kisukuma cha sokoni alikiongea bila kubabaika.

"Mwangaluka, mayu," alisalimia, akainamisha kichwa.

"Mwangaluka." Ng'washi alimtazama. Alimtazama toka unyweleni, akashuka taratibu kwenye kifua, kwenye suruali iliyokunjwa, kwenye miguu iliyojaa tope, akapanda tena mpaka machoni akakaa hapo. Danish alijikuta anafuta mikono yake kwenye shati. "Boti lako lina nafasi ya mtu mmoja?"

"Lina nafasi, mama."

"Basi nami nakwenda."

"Mama!" Selina alishtuka. "Wewe na ziwa wapi na wapi? Hata kivuko hujawahi kupanda!"

"Sikuja kwa ajili ya ziwa," alisema Ng'washi, akikitwika tena kikapu chake. "Nimekuja kwa ajili ya mtu."

* * *

Asubuhi ile ziwa lilikuwa limetulia, na boti lilikata maji kuelekea kisiwa cha mawe ambacho wavuvi hukiita Kwa Mnandi, kwa ajili ya wale ndege weusi wanaokausha mabawa yao juani. Mjerumani na mkewe walikaa mbele na darubini zao, wakishtuka kwa furaha kila tai mvuvi alipopiga kelele. Ng'washi alikaa katikati, ameshika ubao kwa mikono miwili, macho yake hayamtoki Danish. Danish akigeuka kulia, macho yapo. Akigeuka kushoto, yapo.

"Ananitoboa," alimnong'oneza Selina alipopita kuchukua chupa ya maji. Mkono wake uligusa wa Selina kidogo tu, kwa namna ambayo hakuna mtu angeweza kusema lolote, na Selina akasikia joto limempanda mpaka masikioni. Miaka miwili ya kuficha ilikuwa imewafundisha kuishi kwa vitu vidogo namna hiyo. "Lakini amekuja mwenyewe, Seli. Si ndicho tulichokuwa tunakingoja?"

"Amekuja kunichukua. Jumapili ananipeleka kwa Chenge."

Rangi ilimtoka Danish. Aligeukia usukani, na tangu hapo hakucheka tena.

Selina alimtazama mgongo. Alikuwa anaujua mgongo ule, na alikuwa anaijua ahadi ya mwenyewe kama anavyoijua sala. Mara ya kwanza aliitoa wakiwa wamekwama kisiwani kwa mvua, amemfunika Selina kwa koti lake: "Mama yako akikubali tu, siku hiyohiyo namwambia Baba." Alirudia ahadi ileile siku ya Krismasi. Aliirudia hata mwezi uliopita, wakati Mzee Tayabali alipoanza kuzungumza na watu wa kwao wa Nairobi juu ya kumtafutia mwanawe mchumba. Kila mara ilikuwa mama yako, mama yako. Na Selina, kwa vile alimpenda, aliamini kwamba kikwazo kilikuwa Usagara.

* * *

Walifika, boti likafungwa kwenye kighuba chembamba katikati ya mawe makubwa, wageni wakapanda juu na kamera zao. Luhaga alilala kivulini karibu na injini. Selina alikuwa anakata nanasi pale mama yake alipomwita Danish kwa kidole.

"Kaa."

Danish akakaa juu ya jiwe, uso kwa uso na Ng'washi, magoti yao yakikaribia kugusana.

"Unamtaka mwanangu?"

"Namtaka, mama."

"Kwa kumchezea au kwa kumweka ndani?"

"Kwa kumwoa."

"Na dini?"

"Dini yangu hainikatazi kuoa Mkristo. Wala sitamlazimisha jambo."

"Ugali unakula?"

Danish alitabasamu kidogo. "Na sato, na dagaa. Muulize mwanao, mama, huwa namwibia chungu kizima."

Ng'washi hakutabasamu. Alivunja kijiti alichokishika, akavitupa vipande vyote viwili majini.

"Sikiliza, kijana. Hayo yote ningeweza kuyaulizia hata nikiwa nyumbani. Lililonileta ni moja. Nina binti huyu mmoja. Chenge ni mtu mzima, na mke anaye, sikufichi. Lakini watu wake wanakuja mchana kweupe, wazee wametangulia mbele, jirani anaona na jirani wa jirani anaona. Mwanangu wewe umemficha. Kitu kinachofichwa ndani ya nyumba kinatupwa bila mtu kujua. Sasa niambie. Baba yako anajua?"

Kisu cha Selina kilisimama. Danish alimtupia jicho, mara moja tu, kisha akatazama ziwa.

"Anajua, mama."

"Anasemaje?"

"Hana neno."

Mnandi mmoja aliruka, akatua jiwe la pili. "Haya," alisema Ng'washi hatimaye. "Nimekusikia." Akainuka, akajitanda kanga yake kichwani, akaenda kukaa upande wa pili wa jiwe, akawapa mgongo wote wawili.

Selina hakungoja. Alimshika Danish shati, akamvuta nyuma ya jiwe kubwa ambako hata upepo ulikuwa haufiki.

"Umesema nini?"

"Seli, tulia..."

"Umemdanganya mama yangu! Uso kwa uso, magoti kwa magoti, umemdanganya!"

"Ningesemaje? Ningesema hajui, leo jioni ungekuwa Usagara unangoja ng'ombe wa Chenge."

"Ungesema kweli!"

"Kweli itakuja. Nitamwambia Baba, nikirudi tu nitamwambia, na maneno yangu yatakuwa ya kweli kabla mama yako hajajua kwamba hayakuwa."

"Miaka miwili, Danish!" Aliliachia shati lake. "Miaka miwili umenifanya nimchukie mama yangu mzazi. Nalala nikisema, huyu mama ndiye anayenizibia. Kumbe aliyekuwa ananizibia nimemkumbatia."

Danish alijiegemeza kwenye jiwe. Machozi yalikuwa yamemlenga, na hakuyaficha.

"Humjui Baba," alisema polepole. "Unadhani atanipiga? Hatanipiga. Unadhani atanifukuza dukani? Hatanifukuza. Atanyamaza. Dada yangu alipoolewa na mtu ambaye Baba hakumtaka, Baba alinyamaza, na mpaka leo dada akija nyumbani anasema na ukuta. Mimi ndiye niliyebaki anayeongea naye, Seli. Kila usiku tunakula wawili tu, mimi na yeye. Nikifungua mdomo nikasema jina lako, nitakuwa nimemuua kwa njaa ya maneno."

Selina alitaka kumshika mashavu, na papo hapo alitaka kumsukuma ziwani na shati lake. Mapenzi yana mambo yake. Alikuwa hajaamua lipi atangulize pale Luhaga alipopiga ukelele kutoka kwenye boti.

"Danish! Danish! Magugu hayo! Tunafungiwa!"

* * *

Walipotoka nyuma ya jiwe mbingu haikuwa ileile. Upande wa Ukerewe wingu jeusi lilikuwa limefunika kila kitu, na upepo ulikuwa unakuja nalo ukisukuma magugu maji, zulia zima la kijani lenye maua ya zambarau, moja kwa moja kuelekea kwenye kighuba chao. Miaka ile magugu yalikuwa yamelivamia ziwa, na kila mwenye boti Mwanza alijua maana yake. Yakikuziba umekwisha, maana propela haizunguki tena, na mawimbi yanakutwanga kwenye mawe mpaka mbao zote ziachane.

"Pandeni! Pandeni wote sasa hivi!" Danish alipaza sauti.

Luhaga aliwasha injini. Boti halikuweza tena kusogea hadi penye jiwe la kupandia, likawa linakwenda na kurudi, likipanda na kushuka. Mtu alitakiwa angoje lipande, ndipo aruke. Danish alisimama mbele, mguu mmoja juu ya ukingo, akamdaka mama wa Kijerumani, akamdaka na mumewe pamoja na kamera zake. Selina aliruka bila kushikwa na mtu. Aliyebaki juu ya jiwe alikuwa Ng'washi, aliyekuwa hajapanda boti maisha yake yote kabla ya siku ile, kanga imemganda mwilini kwa mvua iliyokwishaanza.

"Mama, ruka!" Selina aliita.

"Njoo mama, nipe mkono!" Danish alijinyoosha mpaka karibu aanguke, kiganja chake wazi mbele ya kifua cha Ng'washi. "Nishike! Nitakuvuta!"

Ng'washi aliutazama mkono ule. Kisha akaurudisha wa kwake nyuma, akauficha ndani ya kanga.

"Ondoka hapo," alisema. "Nipishe."

"Mama, hakuna muda!"

"Nipishe nasema!"

Akaruka peke yake. Mguu uliteleza kwenye ukoga wa jiwe, akaanguka katikati ya boti na mwamba, maji yakamfika kifuani, magugu yakamzunguka shingo. Wimbi lilikuwa linakuja, na likifika lingelisukuma boti lote kumbana jiweni. Danish alilala kifudifudi, mkono wake sasa uko karibu na uso wa mama yule kabisa. "Shika! Shika mkono, mama, kwa ajili ya Mungu!" Na Ng'washi, aliyekuwa anakunywa maji, alitikisa kichwa na kugeuzia uso wake mwambani.

Selina alijivua kanga yake ya kiunoni, akaisokota, akaitupa. "Mama, shika hii!"

Hiyo aliishika. Uzito wa mama yake ulimvuta Selina mzimamzima, na angekwenda naye kama Danish hangemkamata kiunoni kwa mikono miwili na kujikaza nyuma. Luhaga alirudisha boti kinyumenyume. Danish alimshika Selina, Selina akamshika mama, na wimbi lilipopiga jiwe Ng'washi alikuwa amekwishaingia ndani, anakohoa, amechanika mguu, kiatu kimoja kimechukuliwa na ziwa.

Alipovuta pumzi tu akajiburura mpaka nyuma kabisa, penye madumu ya mafuta, akajikunyata huko na kanga yake iliyoloa ameivuta mpaka puani.

* * *

Walipotoka kwenye magugu na kushika maji ya wazi, Danish alimwachia Luhaga usukani.

"Umeona mwenyewe," alimwambia Selina. "Alikuwa radhi afe. Afe, Seli, kuliko kuguswa na Mhindi. Na wewe unalia kwamba sijamwambia Baba. Nimwambie nini? Kwamba nimekwenda kuomba mke kwa watu wanaoniona uchafu?"

Selina alikuwa anamwangalia mama yake. Aliona alivyojibana kule nyuma, mbali na Danish kadiri boti lilivyoruhusu. Aliona alivyoficha uso. Alikumbuka alivyowageuzia mgongo kule kisiwani, mara tu baada ya kusema nimekusikia.

"Ee Mungu wangu," alisema.

"Nini?"

"Danish, wewe umezaliwa hapa. Umewahi kumwona mwanamume wa Kisukuma akimpa mkono mama wa mke wake?"

"Sijui. Sijawahi kuangalia. Mambo hayo ya majumbani nani angenionyesha?"

"Hutaona hata siku moja. Mkwe hashikwi mkono. Hamtazamani usoni, hamli sahani moja, mkikutana njiani unatoka unampisha. Hiyo ndiyo heshima yake. Asubuhi mama alikutazama mpaka ukajifuta tope. Ulikuwa mtu baki tu, mtu baki anatazamwa. Toka uliposema baba yako anajua, hajakuangalia tena hata mara moja."

Danish alijifuta maji usoni.

"Amekukubali," Selina alisema, na sasa machozi yalikuwa yanachanganyika na mvua. "Amekukubali, na alikuwa tayari kuzama ili asikuvunjie heshima. Na heshima yote hiyo ameijenga juu ya uongo wako."

Danish aligeuka taratibu kumtazama Ng'washi, kisha haraka akaondoa macho, kwa aibu, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake. Alikaa chini kwenye maji yaliyokuwa yakicheza sakafuni mwa boti.

"Nitamwambia leo. Nikikanyaga nchi kavu tu."

"Usiniapie."

"Siapi. Nakwambia."

"Ulikuwa unaniambia," alijibu Selina.

* * *

Ufukwe wa Igogo ulikuwa umejaa watu waliokuja kuangalia boti zipi zimerudi. Mbele yao alisimama Mzee Tayabali, mfupi, kofia yake nyeupe yenye ukingo wa dhahabu imelowa, mwavuli umepinduliwa na upepo na yeye bado ameushikilia. Danish aliporuka chini mzee alimkumbatia kwa nguvu zake zote, akamweka mkono begani, akawa hauondoi.

"Nimesali mpaka magoti yameuma," alisema, kwa Kiswahili chake cha dukani kilichosikika mpaka barabarani. "Wageni wazima? Wewe mzima? Alhamdulillahi. Twende nyumbani ukanywe chai."

Selina alimsaidia mama yake kushuka. Alitaka kumwambia, mama, subiri, usiende. Lakini Ng'washi alikuwa amekwishamwona yule mzee aliyemshika Danish bega, na hakuhitaji kuambiwa ni nani. Alimzunguka Danish kwa mbali, uso amefunika, akachechemea kwa mguu wake uliochanika mpaka mbele ya Mzee Tayabali, na pale pale kwenye tope, mbele za watu, akapiga magoti.

"Nakusalimu, mzazi mwenzangu," alisema. "Mvua imetukutanisha kabla ya siku yake. Mimi ndiye mama yake Selina."

Mzee Tayabali alimtazama, akawatazama watu, akacheka kicheko kidogo cha mtu asiyeelewa.

"Mzazi mwenzangu? Danish, huyu mama ni nani?"

Selina alimtazama Danish. Hakuna alichowahi kukitaka katika maisha yake kama alivyolitaka neno lile moja. Danish alimwangalia Selina, akauangalia mkono wa baba yake uliokuwa bado begani mwake.

"Ni... ni mama wa mpishi wetu, Baba. Baridi imempiga."

Luhaga alitema mate majini. Selina hakulia. Alisikia tu kitu kifuani kikipoa, akajiambia kwamba sasa anajua, na kwamba Jumapili si mbali.

Ng'washi alibaki kwenye magoti yake kidogo. Alisimama, tope limemshika mpaka mapajani. Akaivua kanga kichwani, akaikamua, akajifunga kiunoni. Kichwa wazi, uso wazi, akatembea mpaka mbele ya Danish, akamkazia macho kama alivyomkazia asubuhi.

"Asante, kijana, kwa kutufikisha salama," alisema, na akamnyooshea mkono wa kulia.

Watu waliguna kwa kupendezwa na adabu ya yule mama. Ni watu watatu tu pale ufukweni waliojua kilichokuwa kinatolewa na kilichokuwa kinanyang'anywa. Viganja vile vikikutana, Danish angekuwa mtu baki mpaka kufa kwake, na hakuna mdomo wa Usagara ambao ungeweza kulirudisha jambo lile.

"Mama," Selina alinong'ona. Ng'washi hakugeuka. Mkono wake ulibaki umenyooshwa.

"Danish!" Mzee Tayabali alimtikisa mwanawe bega. "Mama wa watu anakupa mkono. Hivyo ndivyo nilivyokulea?"

Mkono wa Danish ulianza kuinuka. Selina aliuona ukifika kiunoni, akauona ukifika kifuani, akafumba macho. Alipoyafumbua, Danish alikuwa ameirudisha mikono yote miwili nyuma ya mgongo, ameifunga huko, na uso wake ameuinamisha chini kabisa.

"Siwezi, Baba."

"Huwezi nini?"

"Kumpa mkono. Huyu ni mama mkwe wangu." Alisema akilitazama tope. "Nampenda Selina. Ni miaka miwili sasa. Nilimdanganya huyu mama kwamba unajua na huna neno, na sasa hivi nimekudanganya na wewe. Basi, unajua."

Mvua ilikuwa inanyesha juu ya boti zilizopinduliwa. Mzee Tayabali alimtazama mwanawe, akamtazama Selina, kwa mara ya kwanza akamtazama kweli, yule binti aliyekuwa akimpa mshahara kila mwisho wa mwezi. Akauondoa mkono wake begani mwa Danish, na hakusema neno. Selina aliona jinsi bega lile lilivyoshuka.

Ng'washi alikuwa ameshaurudisha mkono wake haraka, akauficha. Alifungua kanga kiunoni, akajifunika nayo tena mpaka puani, akageukia upande wa barabara.

"Selina," alisema bila kumtazama mtu. "Mwambie mwenzako asogee. Amesimama njiani, nami nataka kupita."

Danish hakungoja aambiwe. Alirudi nyuma, mikono bado iko mgongoni, hatua kwa hatua mpaka akaingia ziwani na maji yakamfika magotini, na akasimama huko akingoja mama yule apite, huku baba yake akimtazama.